Karatasi Mbili za Lusia

Jina lake nalijua, lakini hapa nitamwita kama walivyomwita wote katika lile jengo letu la Downsview, Toronto: Mkalimani. Alikuwa mama wa Kikongo, mrefu, mkavu, mwenye mwendo wa mtu aliyechelewa hata siku ambazo hakuwa na pa kwenda. Lifti hakuipanda. Alikaa ghorofa ya tano, na ungemkuta ngazini na mifuko ya viazi mikono yote miwili, amesimama kuhema, na ukimwambia kwamba leo lifti inafanya kazi, alikujibu kwamba hata jana ilikuwa inafanya kazi kabla haijakwama.

Alizaliwa wapi hasa na wazazi wake walikuwa nani, hakunieleza, nami sikumuuliza. Nilichojua ni kwamba ujana wake aliupitishia Ubelgiji, upande wanakosema Kiholanzi, katika nyumba ya masista. Kazi yake ya kwanza huko ilikuwa kupangusa vumbi katika chumba cha daftari za zamani. Sista mzee aliyezitunza alikuwa anapoteza macho, akaanza kumwomba amsomee, na ili amsomee ilibidi kwanza amfundishe yale maandishi ya kale, yenye herufi zilizolaliana kama nyasi baada ya mvua kubwa. Alitoka huko akisoma Kiholanzi cha miaka mia tatu na zaidi iliyopita kwa wepesi kuliko gazeti la siku ile, na hilo alilisema bila majivuno, kama mtu anayetaja ukubwa wa kiatu chake.

Toronto ilimpa kazi ya kufasiri: mahakamani, hospitalini, katika ofisi za uhamiaji. Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza, na mara chache hicho Kiholanzi. Alikuwa na muhuri wa mviringo wa chama cha wafasiri, na aliuweka kwenye droo ya vijiko. Niliona ajabu, kitu cha thamani kama kile kulala na miiko na uma, akaniambia kwamba mwizi hutafuta kabatini, hatafuti jikoni.

Nilimjua mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nimetoka Nakuru kwa mpango wa watunzaji wa nyumbani, namtunza bibi mmoja mgonjwa kule Unionville, na sharti la mpango lilikuwa nilale humo humo kwa mwajiri. Siku zangu mbili za mapumziko nilihitaji pa kukaa, na dada mmoja wa kanisani akanipeleka kwa Mkalimani, aliyekuwa na chumba cha ziada. Nikawa mtu wa kwake kila mwisho wa wiki kwa muda uliokaribia miaka miwili. Alikula amesimama. Televisheni aliibishia. Hakuvumilia ummalizie sentensi yake. Ukijaribu, alinyamaza, akaianza upya tangu neno la kwanza.

Chumba nilichopewa kilikuwa na habari yake, nami niliisikia kanisani kabla sijaisikia kwake. Kabla yangu alilala humo mama mmoja wa Bukavu aliyeomba ukimbizi. Siku ya kusikilizwa ombi lake, Mkalimani ndiye aliyemfasiria. Katika kueleza masaibu yake, kwa hofu tu, yule mama akasema kwamba aliwahi kurudi kwao mara moja, siku tatu, kumzika mama yake mzazi. Mkalimani akalipeleka neno hilo kwa Kiingereza kama lilivyotoka. Wale waliokuwa wakisikiliza wakauliza, kama hatari ni kubwa hivyo, ilikuwaje ukarudi? Ombi likaangukia hapo.

Watu walimchukia kwa hilo. Walisema angelimeza lile neno, nani angejua. Wengine waliacha kumsalimia. Lakini waliomchukia hawakusema jambo la pili, nalo ni kwamba yule mama alipofukuzwa alipokuwa anakaa, aliyemfungulia mlango ni Mkalimani. Alimkalisha miezi minane bure, akimpikia na kumtafutia mawakili wa rufaa, hadi rufaa nayo ikashindwa na yule mama akarudishwa. Mkalimani alimsindikiza uwanja wa ndege. Nilimuuliza siku moja kama anajuta.

"Alisema," akanijibu. "Kama asingesema, nisingesema."

Lakini mtu huyo huyo, kila Jumamosi asubuhi, alimpigia simu dada yake Lubumbashi na kumdanganya bila kupepesa. Alimwambia anakaa katika nyumba yenye bustani. Alimwambia habari za nyanya zake, jinsi zilivyochelewa kuiva mwaka huu, na jirani Mreno anayemwazima toroli. Nilikuwa namsikia nikiwa jikoni, na kutoka dirisha la jikoni tulikuwa tunatazamana na maghala na malori. Nilimuuliza imekuwaje yeye, asiyepunguza neno la mtu, anazidisha bustani nzima. Hakukasirika. Aliniambia kwamba hapo hafasiri, hapo anaongea na dada yake.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, ambalo mimi ndiye niliyelianzisha.

Bibi niliyemtunza alikuwa na mtoto mmoja, mwanamume wa miaka sitini na kitu, wakili aliyestaafu. Nitamwita Wakili. Ndiye aliyenipa mkataba na ndiye aliyeweka saini kwenye makaratasi yangu. Alikuwa mpole, msafi, mtu wa kukushukuru kwa kikombe cha chai. Kwenye ukuta wa ukumbi wa nyumba ile palikuwa na ramani ya zamani: mji mdogo kwenye ncha ya kisiwa, ngome, kinu cha upepo, na ukuta wa miti uliokata kisiwa kutoka maji hadi maji. Aliniuliza siku moja kama naujua mji ule. Nikasema siujui. Akafurahi sana kunieleza kwamba hiyo ndiyo New York kabla haijawa New York, wakati ilipokuwa mji wa Waholanzi na jina lake likiwa Amsterdam Mpya. Ukoo wake ulikuwemo tangu siku za ngome. Waingereza walipouchukua mji ukoo ulibaki, na Wamarekani walipomwasi mfalme ukoo ulisimama na mfalme, ukashindwa naye, ukahamia kaskazini huku Kanada na masanduku yake. Katika sanduku mojawapo mlikuwa na karatasi kumi na nne za Kiholanzi ambazo katika familia nzima hakubaki wa kuzisoma. Alikuwa anaandika kitabu cha ukoo, na chama cha wazao wa Waholanzi wale wa kwanza kilikuwa kinaandaa maonyesho. Alitaka tafsiri yenye muhuri.

Nilitaka kumpendeza. Nikamwambia namjua mtu.

Mkalimani alizifanyia kazi nakala za karatasi hizo wiki sita, mezani pa jikoni, na kioo cha kukuzia. Mwisho wa wiki nilipofika alinieleza alikofikia, na ndivyo nilivyoujua mji ule kuliko ninavyoujua mji mwingine wowote nisiowahi kuufikia. Barabara zake zilikuwa tope, na nguruwe walizurura hadi chini ya ngome wakiufukua udongo wake. Kila kitu kilikuwa cha Kampuni, ile ya wafanyabiashara wa Kiholanzi iliyoutawala mji: ngome, kinu, meli, hata sheria. Na waliokata miti, wakaijenga ngome na kuifungua njia ya kwenda mashambani walikuwa Waafrika wa Kampuni, waliotekwa kwenye meli za Wareno, wenye majina ya ubatizo yanayoishia na Angola na Kongo.

"Watu wa kwetu," alisema, akageuza karatasi.

Jumamosi moja nilikuwa nakata vitunguu, akaniambia habari ya uhuru nusu. Kampuni iliona kwamba baadhi ya watumwa wake wa siku nyingi wamechoka, ikawaandikia hati ya uhuru wao na wake zao. Ikawapa mashamba nje ya mji. Kila mwaka walipaswa kuleta nafaka na nguruwe mmoja mnono. Na watoto wao, waliozaliwa na watakaozaliwa, wakabaki mali ya Kampuni.

Nilimwomba arudie hapo mwisho. Akarudia. Nikaweka kisu chini.

Lazima nieleze hali yangu. Nilikuwa na watoto wawili Nakuru kwa mama yangu, msichana wa miaka tisa na mvulana wa sita. Mpango uliniruhusu mimi kuingia Kanada, wao haukuwaruhusu. Nikitimiza miezi ishirini na minne ya kazi ndani ya miaka mitatu, ningeomba ukaazi na kuwaleta. Mwajiri wangu wa kwanza, kabla ya Unionville, alifariki, nikapoteza miezi mingi nikitafuta mwingine. Sasa ilibaki miezi minne ya kazi, na miaka mitatu ilikuwa inaisha karibu pamoja nayo. Nikiachishwa kazi, hakuna hesabu ambayo ingenitosha.

Karatasi kumi na mbili za kwanza zilikuwa mambo ya kawaida, ngano, mbao, ugomvi wa mpaka. Ya kumi na tatu na ya kumi na nne ndizo zilizoleta balaa. Katika kitabu chake Wakili alikuwa ameshaandika kwamba babu wa ukoo alipewa shamba lake na Kampuni, ardhi tupu. Karatasi ya kumi na tatu ilisema vingine. Shamba lilikuwa la mwanamke aitwaye Lusia, mmoja wa wale wa uhuru nusu. Binti yake alikuwa anatumika nyumbani kwa babu huyo, amekodishwa na Kampuni. Lusia alimpa babu shamba lote ili babu amkomboe binti na kumrudisha kwake, na babu akaweka alama yake kukubali. Karatasi ya kumi na nne, ya miaka kadhaa baadaye, ilikuwa orodha ya mali za babu baada ya kufa. Vitanda, masufuria mawili ya shaba, ng'ombe, na binti wa Lusia. Hata jina hawakumwandika.

Mkalimani alikwenda Unionville mwenyewe kumweleza Wakili. Mimi nilikuwepo, namlisha bibi uji kwenye chumba cha pili, mlango wazi. Wakili alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa upole kwamba karatasi hizo mbili si za habari ya ukoo, ni za biashara, na angependa zile kumi na mbili tu, na muhuri. Mkalimani akasema inawezekana, ila kwenye cheti cha kuthibitisha tafsiri ataandika kwamba ni kumi na mbili kati ya kumi na nne. Wakili akasema hilo halina haja. Mkalimani akasema basi zitatoka bila muhuri. Wakili akamshukuru, akamsaidia kuvaa koti.

Alipoondoka, Wakili alinifuata jikoni. Hakupandisha sauti. Alisema kwamba mimi na yule mama ni marafiki, na pengine atanisikiliza. Kisha, akiwa ameshafika mlangoni, akasema amekuwa akifikiri kama mama yake hatatunzwa vizuri zaidi katika nyumba ya wazee, na kwamba kuna nafasi mwezi ujao. Halafu akaniuliza habari za watoto wangu, kwa majina yao. Sijasahau hilo. Aliyataja vizuri kabisa.

Jumamosi nilimsihi Mkalimani. Sikumwambia mambo kwa kuzunguka. Nilimwambia ni miezi minne, nikamwambia kuhusu nyumba ya wazee, nikamwambia ni muhuri tu kwenye karatasi ambazo zote ni kweli. Hakuna neno la uongo ndani yake. Alinisikiliza amesimama, mgongo kwenye friji.

Akasema cheti kinasema tafsiri ni kamili, na haikuwa kamili.

Nilimwambia hakuna atakayejua. Akaichukua karatasi ya kumi na tatu, nakala ya Kiholanzi, si tafsiri yake ya Kiingereza, akaanza kunisomea kwa Kiswahili pale pale, polepole, kidole kikifuata mistari.

"Mimi Lusia, mwanamke wa Kongo, niliyeitumikia Kampuni tangu ujana wangu hadi nguvu zikaniisha, natoa shamba langu lililo kando ya njia ya mikokoteni, lote pamoja na mti wake wa matunda, ili binti yangu aachiwe aje kulala kwangu."

Alidhani nikisikia nitaelewa. Nami nilielewa, na ndiyo maana nilikasirika.

"Lusia amekufa, Mama," nikamwambia. "Wanangu wako hai."

"Najua, binti."

"Yule mama wa Bukavu ulimponza kwa neno moja. Sasa unaniponza mimi kwa karatasi mbili."

Aliivua miwani, akaiweka juu ya karatasi. Kisha akatoka nje ya mlango. Nilisikia viatu vyake ngazini, vikishuka hadi chini, halafu vikipanda, halafu vikishuka tena. Aliporudi alipika, tukala.

Siku iliyofuata alikwenda misa ya saa nne kama kawaida yake. Mezani aliacha bahasha ya karatasi kumi na mbili, juu yake ameandika kwa herufi kubwa: bila muhuri. Nilipaswa kuibeba jioni nikirudi Unionville. Nilimtazama dirishani hadi akavuka barabara. Fomu za cheti zilikuwa kwenye jalada lake la kijani, zimeshachapwa, zinasubiri idadi ya karatasi, saini na muhuri. Niliijaribu saini yake juu ya tangazo la duka mara kumi, kumi na tano, hadi ikafanana. Niliandika kumi na mbili. Nikatia saini. Nikautoa muhuri kati ya vijiko, nikaugandamiza kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika, nikaufuta na kuurudisha ulivyolala. Tangazo la duka nililichanachana nikalipitisha chooni. Kisha nikaweka kila kitu katika bahasha mpya.

Aliporudi aliiona bahasha mpya, akauliza. Nikasema nimeogopa mvua, ile ya kwanza ilikuwa laini. Akasema vizuri.

Wakili alifungua bahasha mbele yangu, akafika kwenye cheti, akanitazama. Sidhani hakujua. Alisema tu kwamba rafiki yangu ni mtu mwenye busara. Habari za nyumba ya wazee hazikutajwa tena. Nilitimiza miezi yangu minne, nikapeleka ombi la ukaazi lenye jina langu na majina ya wanangu, nikaanza kungoja. Maonyesho yalifanyika, kitabu kikatoka. Kabla mwaka haujaisha bibi alifariki usingizini, na Wakili akazitoa karatasi asili kwa maktaba moja, labda akiamini kwamba hakuna tena anayesoma maandishi yale.

Alikuwepo. Mtafiti mmoja kijana alizihesabu karatasi kumi na nne, akaona cheti kilichoambatana nazo kinataja kumi na mbili, akaandika barua kwa chama cha wafasiri.

Nilikuwepo barua ilipofika kwa Mkalimani. Wakati huo nilikuwa nimehamia kwake kabisa, nafanya kazi ya kibarua nikingoja majibu ya uhamiaji. Aliisoma mara mbili. Walikuwa wameambatisha nakala ya cheti. Aliileta karibu na macho, akaiweka chini ya kile kioo chake cha kukuzia.

"Herufi ya mwisho mimi siiwekei mkia," akasema.

Kisha akanitazama. Nilijua kwamba ni sasa, kwamba mlango uko wazi na natakiwa kupita. Lakini nilijua pia kwamba mtu aliyeghushi saini haleti watoto Kanada, anarudishwa kwao. Nikamwambia chai yake imepoa, nikaichukua nikaenda kuipasha moto.

Alipoitwa na kamati nilimsindikiza. Nilikaa kwenye ukumbi wa nje chini ya saa, nikiwaza kwamba akitoka na mtu mwingine pamoja naye basi yamekwisha. Nilifikiria kuondoka. Nilifikiria kuingia. Nilibaki nimekaa. Alitoka peke yake, haikufika hata saa moja. Ndani ya basi alinieleza kwa maneno machache, akitazama nje. Walimuuliza kama muhuri ni wake, akasema ni wake. Walimuuliza kama tafsiri ni kamili, akasema si kamili, akawapa ile aliyokuja nayo mkobani, ya karatasi zote kumi na nne, akawaomba iwekwe maktabani pamoja na zile za asili. Walimuuliza saini ni ya nani. Akasema hilo hatalijibu. Walimuuliza mara tatu.

"Kutojibu si kudanganya," aliniambia, kama anayejihakikishia mwenyewe.

Walimnyang'anya muhuri. Mahakama na ofisi zilizokuwa zinampa kazi zikaacha kumpigia. Hakuwahi kunitajia tena jambo lile, na hilo ndilo lililonishinda. Angenitukana ningebaki. Mwezi uliofuata nilipata chumba Thornhill, nikamwambia kazi iko karibu na huko. Alinibebea begi moja hadi chini, kwa ngazi. Wanangu walifika mwaka uliofuata. Siku ile uwanja wa ndege nilifikiria kumpigia simu, na kila siku niliyoiahirisha ilifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi, hadi ikawa miaka.

Ilikuwa karibu miaka kumi baadaye. Nilikuwa nimesoma tena, nikapata leseni ya uuguzi, nafanya kazi katika kliniki moja ya familia. Asubuhi moja daktari aliniita chumbani nimpime presha mgonjwa mgeni, mama kijana kutoka upande wa Uvira, aliyeletwa na shirika la wakimbizi pamoja na mtu wa kujitolea wa kumfasiria. Niliingia na kipimo mkononi. Mtu wa kujitolea alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, mgongo wima, nywele zote nyeupe. Alikuwa yeye.

Alinitazama kama anavyomtazama mfanyakazi yeyote anayeingia, akamfasiria mgonjwa kwamba muuguzi atampima. Nikamfunga mgonjwa kipimo mkononi. Daktari alikuwa anaandika, mgongo kwetu. Nilibonyeza na kubonyeza, na sikuweza kuzisoma namba.

"Mama," nikasema kwa Kiswahili, bila kuinua kichwa. "Ile saini niliitia mimi. Ulijua. Nilikaa nje nikakuacha ukalipe wewe."

Mgonjwa aliniangalia, kisha akamwangalia yeye. Daktari aligeuka. Alikuwa mtu makini na kazi yake, na alikuwa ametuambia mwanzoni mwa mwaka kwamba hataki jambo lolote lizungumzwe juu ya kichwa cha mgonjwa bila wote chumbani kulielewa. Akamuuliza mkalimani muuguzi amesema nini.

Angeweza kusema ni salamu. Ningemshukuru. Lakini alijikalisha vizuri, mikono juu ya magoti, na kwa sababu wakalimani husema maneno ya mtu kwa nafsi ya mwenyewe aliyeyasema, alisema kwa Kiingereza, kwa sauti yake ya kazini, neno kwa neno: kwamba ile saini niliitia mimi, kwamba ulijua, kwamba nilikaa nje nikakuacha ukalipe wewe.

Daktari aliweka kalamu chini. Akauliza kama hilo linamhusu mgonjwa. Mkalimani akasema halimhusu. Daktari akaomba tuendelee na presha. Nikaanza upya, na mara hii namba zilisomeka, nikazitaja, naye akamfasiria mgonjwa kwamba iko juu kidogo lakini si ya kutisha.

Walipotoka niliwafuata hadi penye makoti. Mgonjwa alikuwa anapambana na zipu ya koti la msaada lililomzidi. Nilisimama pale na mikono yangu mitupu, tayari kusikia lolote.

"Watoto walifika?" akaniuliza.

"Walifika, Mama."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

Aliitikia kwa kichwa, mara mbili. Kisha akainama kumsaidia yule mama kijana na zipu.